Fungu la Fadhiya

Fundi Taib Saif alijulikana Mji wa Kale mzima kwa jambo moja: hakutoa kanzu bila mabaki yake. Umpelekee kitambaa, akipime, akikate, akishone, na siku ya kuchukua kanzu yako akukabidhi na kifuko cha karatasi, ndani mna kila kipande kilichobaki, hata kile cha upana wa kidole. Mafundi wenziwe walimcheka. "Sasa mtu na kipande cha kidole akafanyie nini? Afungie kidonda?" Taib akijibu maneno mawili tu: "Si changu."

Maneno mawili hayo yalimlisha miaka arobaini na mitano. Watu walitoka Kizingo na magari yao, wakapita maduka chungu nzima yenye vioo na viyoyozi, wakaja kuinama kwenye kiduka chake cha chini ya nyumba, kwa sababu fundi yule haibi hata uzi. Na yeye alipenda kuambiwa hivyo. Alipenda mno. Mtu mwema akishajua kuwa ni mwema, jamani, hapo ndipo pa kumchunga.

Mwaka aliotimiza sabini na moja moyo ulimsumbua. Daktari akamwambia mshipa umeziba, hapana dawa ya kumeza, ni kupasuliwa, na akampa siku: Jumatatu ya wiki ya pili. Taib akarudi nyumbani akasema na mkewe, Bi Mwanakuu, kuwa kabla ya kulala juu ya kitanda cha watu ataandika wasia wake kama Muislamu. Duka lile la chini ataliusia liwe wakfu wa chuo cha mtaani, watoto wasomee Kur-ani. Angenyamaza hapo ingekuwa salama. Lakini alikwenda kwenye baraza la kahawa akalisema, na likisemwa kwenye kahawa limesemwa Mombasa yote. Ijumaa ile, baada ya swala, imamu akasimama akamtaja kwa jina na kumwombea. Watu wakampa mikono mpaka mlangoni. Kichwa kikamvimba. Tusimfichie, kilimvimba.

Jumamosi asubuhi akamwendea Ustadh Mzamil, mwalimu wa chuo hicho hicho, ambaye ndiye aliyewaandikia wasia watu wa mtaa. Ustadh alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, ambaye kanzu yake ya harusi ilishonwa na Taib. Akamkaribisha, akambusu mkono, akafungua kompyuta yake.

"Ami Taib, tuanze na warithi."

"Mke mmoja, Mwanakuu. Zakariya na Nabiha, basi."

"Hao Mwenyezi Mungu keshawagawia, mimi na wewe hatuna kauli. Kauli yako ni katika thuluthi moja, na hiyo humpi mrithi."

"Nalijua hilo, mwanangu. Thuluthi yangu ni duka la chini. Andika chuo."

"Nitaandika. Nyumba yenyewe uliipataje?"

"Ya marehemu baba."

"Mungu amrehemu. Na marehemu baba aliacha nani na nani?"

Hapo Fundi Taib akakohoa. Akatoa kitambaa akapangusa uso, na jua hata halikuwa limepanda.

"Mimi. Na dada yangu, Fadhiya."

Ustadh akaacha kuandika. "Basi nyumba ni mafungu matatu. Mawili yako, moja lake. Alipewa lake?"

"Aliniachia. Siku ya arobaini ya baba, mbele ya wazee wa ukoo. Aliulizwa."

"Akatamka?"

"Alinyamaza," Taib akasema. "Na kimya ni radhi."

Ustadh Mzamil akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko ukali. "Ami, hiyo ni kanuni ya nikahi. Tena hata kwenye nikahi ni kimya cha mwanamwali tu, kwa sababu ya haya zake. Mwanamke aliyewahi kuolewa hutamka. Wakati ule Bi Fadhiya alikuwa mwanamwali?"

"Alikuwa ameachwa. Ana mtoto."

"Basi hata mume msingemwoza kwa kimya kile, mtamvua nyumba ya babake?"

Lahaula! Yaani wazee wazima na vilemba vyao walichukua kanuni ya harusini wakaipeleka matangani, na hapana hata mmoja aliyejikuna kichwa. Ustadh akafunga kompyuta polepole. Akasema hawezi kuandika wakfu juu ya mali yenye haki ya mtu. Kama dada yu hai, aje. Aulizwe upya mbele ya warithi wote. Akisema amesamehe, kwa ulimi wake, hayo yamekwisha. Akisema hakusamehe, apewe chake kwanza. Wakaahidiana wakutane Alhamisi, baada ya alasiri, nyumbani kwa Taib.

Taib akarudi kwa miguu, na njia nzima alisalimiwa. "Fundi, Mungu akulipe!" "Fundi, umetangulia peponi!" Aliitikia akitazama chini. Kwa sababu liko neno ambalo hakumwambia Ustadh, wala mkewe, wala mtu yeyote tangu mwaka wa tisini na saba. Fadhiya hakunyamaza.

Ilikuwa hivi. Fadhiya alikuwa ameachwa na mumewe, akarudi kwa baba na kabinti kake, Mahira, wakapewa chumba cha nyuma. Baba akafa. Siku ya arobaini, hitma ikasomwa, watu wakala pilau, kisha wazee wakabaki ukumbini kumaliza mambo ya mirathi. Wanawake walikuwa ndani, nyuma ya pazia, wakikwangua masufuria na kutuliza watoto. Mzee mkubwa wa ukoo akapaza sauti: "Fadhiya, wewe ni mwanamke, utaolewa tena. Fungu lako wamwachia nduguyo?" Taib alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mwisho, bega lake limegusa pazia lenyewe. Akamsikia dada yake, kwa sauti ya chini lakini wazi, kama mtu aliyejitayarisha tangu asubuhi: "Hapana. Fungu langu nalitaka."

"Kasemaje?" mzee akauliza.

Na Taib akasema, "Kanyamaza."

Ndivyo. Neno moja. Wazee wakasema alhamdulillahi, kimya ni radhi, wakasoma Fatiha, wakavaa viatu vyao wakenda zao. Taib alijiambia kuwa haidhuru, dada yupo humu humu, chumba ni chake, nani atamtoa? Baada ya miaka miwili Nabiha akazaliwa, nyumba ikabana, Bi Mwanakuu akawa anavuta midomo. Hapana aliyemwambia Fadhiya atoke. Alijifungia vyombo vyake mwenyewe, akapanga vyumba viwili Tononoka, akaanza kuuza mahamri na mbaazi za asubuhi. Na kila Idi, miaka yote hiyo, alituma sinia kwa kaka yake. Taib alikula vya sinia hiyo kila mwaka. Koo halikumkaba, maskini ya Mungu, mpaka Jumamosi ile.

Moyoni alikuwa na tumaini moja, na hilo ndilo lililomtia aibu zaidi kila alipolifikiria. Alitumaini kwamba Fadhiya keshasahau. Kama si kusahau, keshazoea. Atakuja Alhamisi, mwanamke wa haya zake, mbele ya Ustadh na watoto, aseme "nimesamehe", na kila kitu kibaki mahali pake: nyumba, duka, chuo, jina.

Jumapili akenda Tononoka. Kwanza alipita dukani akanunua doti ya leso, nyekundu, nzuri, akaifungisha bila kuitazama. Fadhiya alimpokea kwa shangwe. Alikuwa amezeeka, magoti yamevimba, lakini sauti yake ilikuwa ile ile ya chini, na kucheka kwake kule kule. Akamketisha kwenye kiti pekee chenye mto, akamtilia chai ya tangawizi, akamwekea mahamri manne na kumkatalia asile ila mawili kwa ajili ya moyo wake.

"Huyo daktari wako ni mtu mzima au ni hawa watoto wa siku hizi?" akamuuliza. "Maana kifua si kanzu, kaka, akikosea hapana kufumua."

Taib akacheka, akampa leso. Fadhiya akaikunjua, akaisoma jina lake, yale maneno ya pindoni, kwa sauti: "Mchuma janga hula na wa kwao." Akamtazama juu ya miwani. "Kaka, ndiyo salamu ulizoniletea?"

"Wallahi sikuisoma!"

"Hukuisoma! Mwanamme wa Mombasa anunua leso asiisome jina!" Fadhiya alicheka mpaka akashika mbavu. Taib naye akajaribu kucheka, na masikio yanamwaka moto.

Aliposhusha kikombe akaona wakati umefika. Alikuwa amepanga maneno njiani: nilikudhulumu, niwie radhi. Yalikuwa pale pale, nyuma ya meno. Akafungua kinywa akasema, "Alhamisi baada ya alasiri uje nyumbani. Ustadh aniandikia wasia. Kuna karatasi ya kutia sahihi."

"Wasia wako, mimi nahusika nini?"

"Ni desturi tu."

Fadhiya alizungusha kikombe chake mkononi, akamtazama yule kaka yake, kanzu nyeupe isiyo na kunyanzi, ndevu zimechanwa, mtu anayeombewa misikitini. "Desturi," akasema. "Haya. Nitakuja."

Taib alitoka pale akijichukia. Mtu wa sabini na moja, anayeweza kufa Jumatatu, kapewa nafasi ya kusema ukweli kwenye kiti chenye mto, na chai mkononi, akaongeza uongo juu ya uongo. Usiku hakulala sawasawa. Mkewe akadhani ni moyo.

Alhamisi wakakusanyika ukumbini juu. Ustadh Mzamil na kompyuta yake, Zakariya aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini bandarini, na Nabiha, ambaye alikuwa mwalimu wa skuli na kipenzi cha babake, kashika kifuko cha dawa zake. Nabiha alikaa karibu na baba. Ndiye aliyekuwa akiwaambia walimu wenziwe kuwa babake hudai hata mabaki ya vitambaa yarudi kwa wenyewe. Fadhiya akapanda ngazi akipumzika kila baada ya vidato viwili. Akasalimu, na kwa mazoea akapita ndani akakaa na Bi Mwanakuu nyuma ya pazia. Pazia lilikuwa jipya, mahali ni pale pale. Na Taib, bila kukusudia, akajikuta amekaa kiti cha mwisho, bega kwenye pazia.

Ustadh akasoma bismillahi. Akaeleza kwa ufupi, bila kumwumbua mtu, kuwa nyumba ni ya marehemu Mzee Saif, kuwa Bi Fadhiya ana fungu lake, kuwa yasemekana aliliacha, na kuwa sheria inataka atamke. Zakariya akainua kichwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia habari hiyo. Nabiha naye akamgeukia babake, na Taib akatazama zulia.

"Bi Fadhiya," Ustadh akasema, "fungu lako katika nyumba ya babako wamwachia nduguyo, au wataka upewe? Hapana haya hapa. Sema upendalo."

Kimya. Barabarani muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake. Kimya kikarefuka, na Taib, Mungu amsamehe, akaanza kupata nafuu kifuani. Kisha pazia likatikisika kidogo, na sauti ikamjia sikioni, ya chini kabisa, chini kuliko ile ya kwanza, ya mtu anayesema na mmoja tu.

"Hapana, kaka. Fungu langu nalitaka."

Hakuna mwingine aliyesikia. Ustadh alikuwa amesogeza kichwa mbele. "Samahani, kasemaje?"

Swali lile lile. Watu wote wakamtazama Taib, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Mkono wa Nabiha ulikuwa juu ya mkono wake. Akauondoa, akauweka juu ya paja la Nabiha mwenyewe, kwani hakuona haki ya kushikwa.

"Amesema hapana," akasema. Sauti ilimkauka, akaanza tena. "Amesema fungu lake analitaka. Na mwaka wa tisini na saba alisema hivyo hivyo. Nilikuwa nimekaa hapa. Mimi ndiye niliyewaambia wazee amenyamaza."

Zakariya akasema "Baba!" Bi Mwanakuu, kule ndani, alijishika kinywa. Alikuwa akiamini miaka yote kuwa wifi yake aliacha kwa hiari, na alimvutia midomo mpaka akahama.

"Ulimsikia?" Nabiha akauliza. "Baba, ulimsikia kwa masikio yako?"

"Nilimsikia."

Nabiha akakiweka kifuko cha dawa juu ya meza. Hakupiga kelele, hakulia. Aliinuka akenda ndani akakaa kwa shangazi yake. Angemtukana ingekuwa afadhali. Taib aliona aibu ambayo hakupata kuijua, aibu ya kuonwa na mtoto wako mwenyewe, na kiti alichokuwa amekalia Nabiha kilibaki kitupu karibu naye.

Fadhiya akafungua pazia. Akasimama pale mlangoni, ile leso nyekundu begani.

"Niwie radhi," Taib akasema. Hatimaye.

"Nilikusikia siku ile," Fadhiya akasema. "Ukisema kanyamaza. Kati yetu ni kitambaa tu, kaka, si ukuta."

"Mbona hukupiga kelele?"

"Nimwumbue kaka yangu mbele ya wazee, baba hajapoa kaburini? Nikasema utakuja mwenyewe. Kesho, keshokutwa. Nikikutumia sinia nasema labda mwaka huu utarudisha sinia kwa mkono wako. Jumapili ulipokuja nikasema ndiyo leo. Ukaniambia desturi." Akaivuta leso begani. "Basi leo nikasema polepole makusudi. Nikuone."

Taib hakuweza kumtazama usoni. Fadhiya akamgeukia Ustadh.

"Andika, mwanangu. Radhi nimempa, hayo ya Mungu. Lakini katika nyumba nalitaka fungu langu. Nataka chini. Magoti yangu yamechoka na ngazi za watu, na Mahira ana watoto."

"Chini ndilo duka," Ustadh akasema taratibu. "Ndilo lililotajwa Ijumaa msikitini."

"Walilitaja bila kuniuliza."

Ustadh akamtazama Taib, kwa kuwa mwenye kauli ni yeye. Taib akakumbuka mikono aliyopewa mlangoni, na dua, na kesho ilikuwa Ijumaa. Akasema, "Mpe chini. Kesho nitasimama mwenyewe niwaambie jamaa kwamba duka nililolitoa si langu." Ndiyo maneno yake ya siku zote, na mara hii yalimtoka kwa taabu, tena hayakumpa sifa yoyote.

Yakaandikwa. Fungu la Fadhiya kwanza, kisha wasia juu ya kilichobaki, na thuluthi ya chuo ikawa ndogo kuliko ilivyotangazwa. Kila mmoja akatia sahihi. Zakariya alitia yake bila kumtazama babake. Fadhiya aliandika jina lake lote, la baba na la babu, polepole, herufi kwa herufi.

Alipokuwa akishuka ngazi, Nabiha kamshika mkono, alisimama katikati akageuka. Taib alikuwa kasimama juu, peke yake.

"Ukishapasuliwa nitakuletea uji hospitali," Fadhiya akasema. "Wautaka na sukari au bila?"

Taib alitaka kumwambia asimletee kitu, kuwa hastahili hata maji yake. Akabaki ameshika ukingo wa ngazi.

"Sema, kaka," Fadhiya akasema. "Usininyamazie. Mimi kimya chako sitakitolea maana."

"Bila sukari," Taib akasema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni.